Vioo Vilivyohesabiwa Mara Mbili: Kisa cha Daktari Mtarajali na Pethidini

Kabla ya kisa

Mimi ni mfamasia. Mambo haya yalipotokea nilikuwa nashika funguo za stoo ya dawa katika hospitali moja kando ya Ziwa Victoria, upande wa Mwanza. Jina la hospitali silitaji, na mambo madogo kama umri, idadi na mpangilio wa siku nimeyapindisha kwa makusudi ili mtu asitambulike. Wahusika wawili wakuu, nitakaowaita Daktari J na Sista N, wamesoma rasimu hii. Daktari J hakugusa kitu. Sista N alifuta mistari minne akaniambia, "Hiyo ni yangu."

Nawaandikia wanaofanya kazi wodini na famasi, hasa wanaosaini rejista huku wakiangalia pembeni. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mazingira

Hospitali ilikuwa na vitanda karibu mia mbili. Kwenye wodi ya wazazi hesabu hiyo haikuwa na maana, kina mama walilala wawiliwawili. Usiku alikuwepo daktari mtarajali mmoja, muuguzi mmoja, wawili ukibahatika, na mhudumu wa usafi. Bingwa alikuwa nyumbani, anapigiwa simu.

Dawa kali za maumivu zilikaa kwenye kabati la DDA, yaani la dawa hatari zinazodhibitiwa kisheria, lile la chuma lililofungiwa ndani ya kabati jingine. Kila ampuli, kichupa cha kioo cha dawa ya sindano, iliyotoka iliandikwa kwenye rejista: tarehe, jina la mgonjwa, namba ya faili, kipimo, sahihi ya aliyetoa na sahihi ya shahidi. Asubuhi wodi ilileta famasi ampuli tupu, tukazihesabu, tukatoa nzima kwa idadi ileile. Tulijivunia utaratibu huo. Wakaguzi walipokuja, hilo ndilo kabati tulilotangulia kuwaonyesha.

Pethidini, mojawapo ya dawa hizo kali, ilikuja kwetu kwenye ampuli ya mililita 2 yenye miligramu 100. Mama aliyejifungua kwa upasuaji aliandikiwa 50 hadi 100 msulini. Akipewa 50, nusu inabaki kwenye kioo, na nusu hiyo inatakiwa kumwagwa mbele ya shahidi. Saa tisa usiku, kuna mama anatokwa damu kitanda cha pili na mwingine anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji, shahidi huyo hayupo. Anakuja kusaini baadaye.

Na msomaji aelewe mtarajali ni nani. Amesoma udaktari miaka 5, sasa anatumikia mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo kabla ya usajili kamili. Si mwanafunzi tena, lakini si daktari kamili. Msimamizi asiposaini fomu yake, mwaka unapotea. Mtu wa namna hiyo akiumwa ugonjwa wa aibu, atamwambia nani? Yule anayesaini fomu?

Daktari J

Alikuwa na miaka 27. Kwao ni kwenye kisiwa, watu wa dagaa na sangara. Baba yake aliuza mashine ya mtumbwi ili mwanawe aanze mwaka wa kwanza wakati mkopo haujatoka. Kisiwani walimwita dokta tangu siku aliyopata barua ya chuo, na kila likizo walipanga foleni nyumbani kwao kuonyesha miguu na macho.

Mwaka wa nne alianguka na bodaboda, mfupa wa bega ukavunjika. Akaruhusiwa na vidonge vya miligramu 50 vya tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii moja na pethidini. Baadaye alinisimulia hivi: "Maumivu yaliisha wiki ya tatu. Kilichobaki ni kwamba nikimeza, siogopi mtihani." Akaendelea kununua duka la dawa bila cheti. Alipoulizwa, alijitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa udaktari, na hilo likatosha.

Kabla ya mitihani ya mwisho aliacha mwenyewe. Alilala wiki nzima bwenini, anatetemeka, anaharisha, jasho linamtoka. Wenzake aliwaambia ni malaria, nao wakamletea uji. Wote walikuwa wanasomea udaktari, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kipimo kilisomaje.

Kwangu hiyo wiki ndiyo mzizi wa kisa chote. Wahenga walisema mganga hajigangi, lakini yeye alijiganga na akapona, au alidhani amepona. Akatoka mle bwenini na somo moja: naweza kuingia na kutoka, na hakuna atakayejua.

Mfululizo wa matukio

*Mabaki.* Mwezi wa tatu wa utarajali alipangiwa wodi ya wazazi. Zamu zilikuwa za saa 30, na posho ilichelewa. Usiku mmoja bega lilimuuma, mkononi ana ampuli yenye nusu iliyobaki. "Nilijiambia ni dawa inayokwenda kwenye sinki." Ilianza hivyo. Pethidini haikai mwilini kwa muda mrefu, nguvu yake ni ya saa mbili hadi nne, kwa hiyo anayeitegemea hurudi na kurudi. Baada ya wiki sita mabaki hayakutosha.

*Tulichokiona.* Tuliona mengi. Alivaa shati la mikono mirefu Oktoba, joto la Mwanza likiwa linapasua mawe. Alichukua zamu za wenzake, hasa za usiku, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Chooni alikaa muda mrefu. Kuna saa alikuwa mwepesi na mcheshi, na kuna saa alipiga miayo, kamasi zinamtoka, analalamika mafua. Waulize vijana wa vijiwe vya mjini dalili hizo ni za nini, watakujibu kwa neno moja: arosto, mateso ya kukosa dawa uliyoizoea. Sisi wenye vyeti ukutani tulisema ni vumbi.

Kulikuwa na utani wodini: "Usiku wa J, wamama wanalia." Faili linaonyesha pethidini 100 saa mbili usiku, na saa tatu mama anauma shuka. Asubuhi moja kwenye raundi, binti wa miaka kama ishirini, mtoto wake wa kwanza, alimwambia bingwa, "Dokta, ile sindano ya jana ilikuwa maji." Watu wakacheka kidogo, raundi ikasogea kitanda kinachofuata.

Nimeirudia asubuhi hiyo kichwani mara nyingi. Yule binti ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa utambuzi sahihi, akiwa na mshono wa saa kumi na mbili tumboni. Alichopewa hakikuwa maji. Kilikuwa diklofenaki, dawa ya maumivu isiyo na nguvu ya pethidini, au pethidini miligramu 50 zilizoandikwa 100.

*Toleo lililokwisha.* Kila ampuli ina namba ya toleo. Siku moja ya Jumanne nilikuwa nahesabu tupu tisa za wodi ya wazazi, nikaona mbili zina namba ya toleo tulilomaliza mwezi mmoja nyuma. Nilidhani kuna muuguzi aliyeficha akiba kwenye droo, jambo linalotokea dawa zikiwa haba.

Sikufikiria upande wangu. Ampuli tupu tulizokwisha kuzihesabu tuliziweka kwenye boksi nyuma ya famasi kungoja siku ya kichomea taka, zikiwa zimevunjwa shingo tu kama kawaida. Hatukuzisaga. Mwenye koti jeupe alipita pale bila kuulizwa. J alichukua kioo kutoka kwenye boksi, usiku akaondoka na ampuli nzima mfukoni, asubuhi nikapokea kioo nilichokwisha kukipokea. Hesabu ilikubaliana kila siku, na mimi nikasaini kila siku.

*Barua.* Nilimwandikia Daktari Mfawidhi. Kikundi kidogo kikakaa na rejista. Mistari 14 ilitia shaka. Kwenye mistari 9 aliyetoa dawa alikuwa J. Shahidi kwenye yote 14 alikuwa Sista N, kwa sababu mwezi ule yeye ndiye aliyekuwa usiku.

Mantiki yetu ilikuwa ya aibu, nami naiandika ilivyokuwa: jina lililojirudia zaidi ndilo jina la mwizi. Sista N, mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, akapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Akaondolewa wodini, akapelekwa kuchukua vipimo vya presha mapokezi. Daktari hakuulizwa hata swali moja. Nilikuwa kwenye chumba kile na sikufungua mdomo.

Alijibu kwa mistari mitatu: alisaini kwa sababu aliombwa na daktari, hakuchukua dawa, hana la kuongeza. Jina hakulitaja. Miezi baadaye nilimuuliza kwa nini. Alisema alikwisha kumwita pembeni: "Mwanangu, wewe hauko sawa. Kalale." J akalia, akaapa. "Nikaona yule mtoto kwao wanamngoja. Nikadhani nikimsema sirini ataacha."

Wiki tatu baada ya yeye kuondolewa, vioo vya toleo la zamani viliendelea kuja.

*Alfajiri.* Saa kumi na nusu alfajiri, Jumamosi, mhudumu alimkuta J sakafuni kwenye chumba cha madaktari akiwa na degedege. Mwanza mtu akipata degedege, wazo la kwanza ni malaria. Kipimo cha haraka kilikuwa hasi, sukari ilikuwa ya kawaida. Daktari wa zamu upasuaji akataka kuweka kanula ampe diazepamu, mshipa haukupatikana. Akapandisha mkono wa shati. Hapo kila mtu chumbani akajua, na kwa muda hakuna aliyesema kitu.

Mmoja akakimbilia naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya pethidini na jamaa zake. Mtaalamu wa usingizi, aliyekuwa ndio kwanza anafika, akamzuia: kupumua ni mara 18 kwa dakika, mboni si ndogo, naloksoni ya nini? Alikuwa sahihi. Ini hugeuza pethidini kuwa norpethidini. Nusu ya pethidini huondoka mwilini kwa saa tatu au nne, lakini norpethidini huhitaji saa 15 hadi 30 kufika nusu. Anayejidunga mara kwa mara anaijaza, nayo huchokoza ubongo: kutetemeka, misuli kurukaruka, kisha degedege. Naloksoni haiondoi degedege hilo na inaweza kulizidisha. Na wale tuliofundishwa kutafuta mboni kama ncha ya sindano tukumbuke kwamba kwa pethidini alama hiyo si ya kutegemea. Mshipa ulipatikana mguuni, diazepamu ikaingia, degedege likakoma.

Maamuzi na sababu zake

Saa mbili asubuhi tulikaa watu watano: mfawidhi, matroni, msimamizi wa watarajali, daktari wa afya ya akili aliyeitwa kutoka nje, na mimi.

Wazo la kwanza lilikuwa polisi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 haina mzaha, na mfawidhi aliogopa kuonekana ameficha. La pili, lililopendwa zaidi, lilikuwa kumhamisha kimyakimya akamalizie kwingine. Waliolitetea hawakuwa watu wabaya. Walimwonea huruma baba aliyeuza mashine. La tatu lilitoka kwa daktari wa akili: aondolewe kazini leo, atibiwe kama mgonjwa yeyote, taarifa iende Baraza la Madaktari Tanganyika, na njia ya kurudi iandikwe mapema ili aone kuna kitu cha kurudia.

Huruma haikushinda pale. Alishinda matroni, aliyekuwa kimya muda wote. "Mkimhamisha," alisema, "mnamhamishia wamama wengine." Wazo la pili likafa. Polisi tukaamua isiwe hatua ya kwanza, na mfawidhi akaandika sababu kwa mkono wake na kusaini.

Daktari wa akili alisisitiza J asiachwe peke yake kwa saa 48. Wengi wetu tulidhani anaogopa atatoroka. Aliogopa kujiua. Daktari anayegunduliwa anaona amepoteza kazi, jina na kijiji kwa dakika moja, na anajua vipimo vya kila dawa. Tulipanga zamu za kukaa naye. Mimi nilipata usiku wa pili. Tuliongea habari za mpira tu.

Aliruhusiwa kuchagua ndugu wa kuambiwa. Akachagua mjomba wake, fundi wa boti upande wa Sengerema. Siku zile daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado nguzo majini, mzee akaja na kivuko, akafika jioni na mfuko wa michembe. Alisikiliza yote, kisha akauliza, "Ni ugonjwa au ni tabia?" Daktari akamwambia ni ugonjwa ulioingia kwa mlango wa tabia. Mzee akafikiri. "Haya. Unatibiwa kwa shilingi ngapi?"

Swali la wapi atibiwe lilitugawa. Hospitali ya Sekou Toure ina kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa aina hii, mtu anafika kila siku na kunywa dozi mbele ya mtoa huduma. J alikataa katakata: angesimama foleni na watu aliowahi kuwatundikia dripu, na dirishani angekutana na mwenzake wa darasani. Tukampeleka mkoa mwingine. Hadi leo sijui kama tulimlindia siri yake au tulijilindia aibu yetu. Nilimuuliza daktari wa akili, akasema yote mawili.

Matokeo

Arosto yenyewe ilimalizika kwa muda wa wiki moja hivi. Kazi ilikuwa baada ya hapo. Utarajali ulisimamishwa, akakaa nje miezi kumi: mshauri kila wiki, na vipimo vya mkojo vya kushtukiza.

Vipimo hivyo vilitufundisha adabu. Miezi miwili ya mwanzo vyote vilikuwa safi na tulifurahi, mpaka daktari wa akili alipouliza tunatumia kipimo gani. Ni kile cha kawaida cha morfini, na kipimo hicho hakiioni pethidini. Mimi mfamasia ndiye niliyekinunua. Ikabidi sampuli zipelekwe maabara yenye kipimo chake.

Mwezi wa nne alirudia, kwa tramadoli ya dukani. Usiku uleule alimpigia simu mshauri wake mwenyewe. Wawili kati yetu walitaka mlango ufungwe. Daktari wa akili akatuuliza kama mgonjwa wa kisukari akipandisha sukari tunamfukuza kliniki. Masharti yakaongezwa, mlango ukabaki wazi. Alianza upya utarajali hospitali nyingine, bila ruhusa ya kugusa kabati la DDA, na msimamizi wa kule aliambiwa kila kitu kwa ridhaa yake J. Alimaliza. Sasa anafanya kazi mahali pasipo na chumba cha upasuaji, na hapo naishia.

Kina mama je? Tulipitia mafaili ya zamu zake tukapata 31 wenye mistari ya shaka. Haikuwezekana kujua nani alipewa nini. Nilipendekeza waitwe waelezwe. Tukaambiwa tusubiri ushauri wa kisheria. Tunasubiri.

Uchambuzi

Jambo hili halikuanzia kwetu. William Halsted, mmoja wa waasisi wa upasuaji wa kisasa Marekani na profesa wa mwanzo wa Johns Hopkins, alijijaribia kokeini miaka ya 1880 akitafuta dawa ya ganzi, ikamnasa, na baadaye akaishi na morfini. Mwenzake William Osler alijua. Aliandika kwa siri, na maandishi yakafunguliwa 1969, Halsted akiwa kaburini tangu 1922. Madaktari wana namna yao ya kupendana, na sehemu yake ni kufunika.

Mapenzi hayo ndiyo ninayoyalaumu hapa kuliko kitu kingine chochote. Wenzake bwenini walimletea uji. Sista N alimwita pembeni. Msimamizi alitaka kumhamisha. Kila mmoja alimtendea wema, na kila wema ulimpa wiki nyingine ya sindano. Sista N namtoa kidogo kwenye lawama hii, kwa sababu yeye alisema kwa mdomo kile ambacho sisi tulikifanyia utani, na kwa cheo chake hakuwa na mahali salama pa kukisema kwa sauti. Muuguzi akimripoti daktari, anayeitwa kujieleza ni nani? Tulimjibu kabla hajauliza.

Sahihi ya shahidi, kwa hiyo, haikuwa kinga. Ilikuwa mtego uliomngoja mdogo. Daktari anamwambia muuguzi, "Nisainie hapa, nimeshampa," naye anasaini, kama ambavyo mimi nisingeweza kumkatalia bosi wangu. Siku hizi anayeshuhudia lazima aone dawa inavutwa na mabaki yanamwagwa, na akikataa kusaini, anayeandika maelezo ni yule aliyeomba. Kanuni hii imeleta manung'uniko mengi kutoka kwa madaktari. Imeachwa vilevile.

Upande wa famasi kosa lilikuwa la kijinga zaidi. Tulilinda kioo tukasahau dawa. Sasa ampuli tupu zinasagwa kwa nyundo mbele ya watu wawili mara tu zinapohesabiwa, na namba ya toleo inaandikwa kwenye rejista. Lakini hata hilo lisingemkamata wakati wa mabaki. Kilichoweza kumkamata ni swali ambalo matroni alilianzisha baadaye, nalo halina gharama: kila asubuhi muuguzi anayepokea zamu anamuuliza mama, "Sindano ya usiku ilikusaidia?" na jibu linaandikwa kwenye safu karibu na kipimo. Wagonjwa wa mtu mmoja wakiwa wanaumia kuliko wa wengine, safu inasema yenyewe.

Kuhusu kumpa nafasi ya kurudi, wapo wanaoona tulimdekeza. Marekani walifuatilia madaktari 802 waliokuwa kwenye mipango ya matibabu na uangalizi wa miaka, matokeo yakachapishwa 2008: 647 walimaliza matibabu na kurudi kazini chini ya uangalizi, na baada ya miaka mitano 631 walikuwa na leseni na wanafanya kazi. Ni karibu 79 kwa mia. Wao wana mikataba, maabara na watu wanaolipwa kufuatilia. Sisi tulikuwa na kundi la WhatsApp la watu watano na mjomba anayepiga simu kila Jumapili. Tulichofanana nao ni uangalizi mrefu na masharti yaliyoandikwa, na nadhani hayo ndiyo yaliyomshika J. Mawaidha alikuwa amekwisha kuyasikia yote, mengine aliyatoa yeye mwenyewe kwa wagonjwa wake.

Moja bado linaniwasha. Tangu siku ya degedege tulijua Sista N hakuiba. Ilichukua siku 19 kumwambia. Tulikuwa tunapanga siri za J, masharti ya J, mjomba wa J. Aliitwa ofisini, akaombwa radhi kwa mdomo, akaambiwa anaweza kurudi wodini. Akashukuru, akarudi, akafanya kazi miezi mitatu, kisha akaomba kuacha akaenda zahanati ya mtu binafsi.

Siku anakuja kukabidhi vitu vyake nilimsindikiza ofisi ya utumishi. Barua ya kujieleza ilikuwa bado kwenye jalada lake, haijaondolewa, hakuna karatasi ya pili inayoifuta. Karani akasema haraka kwamba ataitoa sasa hivi. Sista N akamzuia mkono. Akataka kwanza apigiwe kopi, na kopi ile igongwe mhuri.